Rais Fulani: nafsi ya kwanza katika mchezo wa vita

Rais wa nchi isiyotajwa jina anaburutwa, anasukumwa ndani ya gari, na kupitishwa katikati ya mji wake mwenyewe kwenda kuuawa. Kupitia kioo cha gari anaona askari wakiwakimbiza raia, milango ikivunjwa, watu wakipangwa ukutani. Hawezi kufanya lolote isipokuwa kugeuza shingo. Anayetazama kwa macho yake ni mchezaji aliyekaa mbele ya skrini, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akifyatua risasi apendavyo, na sasa anabonyeza vitufe bila ya kutokea kitu. Mwisho wa safari rais anafungwa kwenye nguzo mbele ya kamera ya televisheni, bastola inaelekezwa usoni pake, na skrini inaingia giza.

Rais huyo anaitwa Yasir Al-Fulani. Msomaji wa Pwani hahitaji kamusi hapo. Fulani ni fulani: yule ambaye jina lake halijulikani, au linajulikana lakini halina haja ya kutajwa. Kiswahili kimelipata neno hilo katika Kiarabu, nako lina maana hiyohiyo. Watungaji wa mchezo walipotafuta jina la rais wa Kiarabu, walimwita Yasir wa Nanihii. Labda walikusudia Wafulani wa Afrika Magharibi, ingawa hadithi haina dalili yoyote ya jambo hilo. Labda alikuwapo miongoni mwao mtu aliyejua Kiarabu, akafanya mzaha wake kimyakimya. Vyovyote iwavyo, jina limesema kweli kuliko walivyodhani wenye kulitoa. Na liko jambo la pili la kutazamwa katika safari hiyo ya gari: wakati Fulani anapelekwa kwenye mauti yake, majina ya waliotengeneza mchezo hupita juu ya picha, moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi mwanzoni mwa filamu. Hayo yameandikwa kamili.

Mchezo wenyewe ni Call of Duty 4: Modern Warfare, kazi ya studio ya Infinity Ward ya California, uliotolewa na kampuni ya Activision mwezi Novemba 2007. Michezo mitatu iliyoutangulia katika mfululizo huo ilihusu Vita Vikuu vya Pili. Huu wa nne ndio uliohamia katika vita vya zama hizi. Uliuzwa zaidi ya nakala milioni 10, ukatengenezwa upya kwa picha safi zaidi mwaka 2016, na michezo ya vita iliyofuata, mingi isiyohesabika, imejengwa juu ya msingi wake. Ni wa aina ile ambayo mchezaji haoni mwili wa shujaa wake. Huona kile ambacho shujaa angekiona, na chini ya skrini mikono miwili na bunduki. Jina la aina hiyo kwa Kiingereza limeazimwa kutoka katika sarufi: mchezo wa kupiga risasi wa nafsi ya kwanza.

Maadamu istilahi ni ya sarufi, wapenzi wa ushairi nao wana haki ya kuuliza swali lao. Katika shairi, nafsi ya kwanza ni sauti. Asemapo "mimi" mshairi, msomaji hauoni uso wake wala mikono yake. Husikia ulimi tu, na kwa ulimi huo humjua aliyekufa miaka mia mbili iliyopita kana kwamba amekaa naye barazani. Katika Modern Warfare mambo yamepinduliwa. Nafsi ina mikono na haina ulimi. Wahusika wawili ambao mchezaji huvaa miili yao kwa sehemu kubwa ya hadithi, Mskoti aitwaye Soap MacTavish wa kikosi maalumu cha SAS na sajini wa Marine wa Marekani aitwaye Paul Jackson, hawatamki neno. Husemeshwa, huamrishwa, hukaripiwa, hutaniwa. Mlango uliofungwa mara nyingi hufunguliwa na mwingine, na Kapteni Price, mwenye masharubu na sigara yake, hutangulia huku mchezaji akimfuata. Mchezo husifiwa kwa kumfanya mtu ajione mwenye nguvu, ilhali kazi yake kubwa ndani yake ni kutii.

Mwili wa nafsi hiyo nao ni wa ajabu. Risasi zikimpata, skrini huingia wekundu na pumzi husikika ikihema. Akijibanza nyuma ya ukuta sekunde chache, wekundu huondoka naye huwa mzima kama alivyoamka asubuhi. Adui hana ukuta wa namna hiyo. Lakini adui ana kitu kingine ambacho shujaa hana: haishi. Katika sehemu nyingi za mchezo, wakiuawa watano hutoka watano wengine katika mlango uleule, nao wataendelea kutoka hadi mchezaji atakapovuka mstari asiouona, uliochorwa na watengenezaji. Akiuvuka, mlango hukauka. Mchezaji mzoefu huujua mstari huo kwa hisia, kama nahodha aujuavyo mwamba usioonekana juu ya maji, na huacha kuwatazama wanaokuja. Hakuna sababu ya kuwatazama watu watokao kama maji ya bomba.

Raia waliokuwa wakikimbizwa katika safari ya Fulani hawaonekani tena. Wamarekani wanapoingia mjini, katika sehemu zote anazopigana Jackson, hakuna mwanamke, hakuna mtoto, hakuna mzee kwenye kizingiti. Zimo nyumba, magari, kituo cha televisheni, kuta zenye maandishi ya Kiarabu. Mji umefagiwa ili upigwe risasi bila ya dhamiri kusumbuka. Sehemu ya kwanza ya vita hivyo, inayotokea katika meli ya mizigo kwenye bahari ya kaskazini, huwaanza watu waliolala vitandani. Mchezo hauoni haya, na pengine ndio ukweli wake wa kwanza.

Utenzi wa vita wa Kiswahili unaweza kusimamishwa kando ya kazi hii bila ya kujigamba. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hauwaonei huruma Warumi wala haufichi uko upande gani. Hata hivyo Herekali hupelekewa barua, akaisoma, akajibu, akakataa, hupewa kauli. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alipotunga habari za Wajerumani kuitamalaki Mrima, vita vya zama zake mwenyewe, aliwataja watu kwa majina yao na miji kwa majina yake, kwa kuwa waliokuwa wakimsikiliza waliwajua wafu hao na walijua wametoka mtaa gani. Mtunzi wa namna hiyo hana nafasi ya kumwita mtu fulani. Jamaa zake watamsahihisha kabla ya ubeti wa pili.

Ni kweli kwamba Khaled Al-Asad, jemadari anayempindua Fulani, hupewa hotuba. Anahutubia taifa wakati gari likienda, akimtuhumu rais kuwa kibaraka wa Wamagharibi. Lakini ni hotuba isiyo na mtu ndani yake, maneno ambayo yeyote angeweza kuyakusanya kwa kusoma magazeti ya wiki moja. Baadaye Al-Asad hupatikana Azerbaijan, hupigwa na Price akiwa amefungwa kwenye kiti, kisha hupigwa risasi. Soap amesimama palepale. Mchezaji mwenye macho yake hawezi kuuliza wala kuzuia, na safari hii si kwa sababu amefungwa kama Fulani. Ni kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba angetaka.

Yasir, Khaled, na Imran, jina la kwanza la adui mkuu, Mrusi Zakhaev: majina yote matatu yamo katika daftari za mahudhurio za shule za Unguja, Mombasa na Lamu, na yote matatu katika mchezo huu ni ya watu wa kuuawa. Kijana wa Kipwani aitwaye mojawapo ya majina hayo hucheza akiwa MacTavish au Jackson. Huyo wa tatu akipenda anaweza kumuua Imran mara kumi kwa usiku mmoja. Wazee wanaoulaani mchezo kwa kusema unafundisha kuua wameukosea mlengo, maana vijana hao hawaui mtu, huenda skuli asubuhi na kulala darasani. Nao wanaoutetea kwa kusema "ni mchezo tu" hawajaeleza kwa nini mchezo tu uhitaji Kiarabu ukutani na adhana ya majina hayo. Kinachofundishwa ni kidogo zaidi na hudumu zaidi: kulitazama jina lako mwenyewe kutoka upande wa mtutu, na kuzoea.

Hayo yote yakisemwa, kazi hii haiwezi kutupwa, kwa kuwa imo ndani yake sehemu ambayo ni vigumu kuisahau. Mchezaji huwekwa ndani ya ndege ya mizinga, AC-130, inayozunguka usiku juu ya kijiji cha Urusi. Mwili wote umetoweka. Hata ile mikono miwili haipo. Kilichobaki ni jicho. Dunia huonekana kwa kamera ya joto, nyeusi na nyeupe, na watu ni vidoa vyeupe vinavyokimbia. Sauti za wenzake ndani ya ndege ni tulivu kama za makarani wanaohesabu magunia bandarini. Wanapongezana kwa shabaha nzuri kwa sauti ya chini. Mzinga ukipigwa, kidoa hurushwa, hulala, hakisikiki. Wenzake walioko chini hutambulika kwa taa ndogo zinazomweka, na amri ni kutowagusa hao, wala kulipiga kanisa la kijiji. Kila kisicho taa na kisicho kanisa ni halali.

Hapo hakuna damu, hakuna kelele, hakuna ushujaa, na kwa hiyo hakuna pa kujificha. Ni sehemu nyepesi kuliko zote kuicheza, na mtu huimaliza akiwa na wasiwasi ambao mapigano magumu hayakumtia. Yawezekana watungaji hawakutaka zaidi ya kuonyesha silaha kubwa. Sanaa haiulizwi ilitaka nini.

Tarehe 12 Julai 2007, miezi minne hivi kabla ya mchezo kutoka, helikopta za Apache za Marekani ziliwapiga watu katika mtaa mmoja wa Baghdad. Waliouawa ni pamoja na wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters, Namir Noor-Eldeen na Saeed Chmagh, na watoto wawili waliokuwa ndani ya gari walijeruhiwa. Dunia haikuiona picha hiyo hadi Aprili 2010, ilipotolewa na WikiLeaks. Walioucheza mchezo kabla ya mwaka huo waliitambua mara moja: nyeusi na nyeupe ileile, alama ileile ya shabaha katikati, utulivu uleule wa sauti, pongezi zilezile. Mchezo ulikuwa umeiga vita kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba vita vilipoonekana vilifanana na mwigo. Ila katika mchezo hakuna aliyelazimika kujua kwamba kidoa kimoja kiliitwa Namir na kilibeba kamera.

Sehemu ya pili isiyosahaulika ni kifo cha Jackson. Sajini huyo hufika mji mkuu katika sura iitwayo Shock and Awe, jina ambalo Wamarekani walilitumia kwa mashambulizi yao ya Baghdad ya Machi 2003. Anageuka nyuma kumwokoa rubani wa kike aliyeanguka na helikopta yake, anambeba, anamfikisha. Kwa kanuni zote za michezo ya namna hii, kitendo hicho kilipaswa kulipwa. Bomu la nyuklia linalipuka, wimbi lake linaiangusha helikopta, na baada ya giza Jackson anafumbua macho ndani ya mabaki. Vitufe vinafanya kazi kidogo. Mchezaji anaweza kumtambaza, kumtoa nje, kumsimamisha kwa kuyumba. Mji wote ni vumbi jekundu chini ya uyoga wa moto. Mtu hutambaa akitafuta pa kwenda kwa sababu amezoea kuwa pako pa kwenda, akitafuta ule ukuta wa kujificha nyuma yake ili wekundu uondoke. Hauondoki. Anakufa baada ya kutambaa hatua chache, na mchezo unaendelea bila yake.

Mkataba wote uliokuwapo baina ya mchezaji na mwili ule huvunjwa kwa dakika moja, na huvunjwa kwa njia ambayo shairi haliwezi, wala riwaya: kwa kumwachia mtu vitufe mikononi. Fulani hakuweza kitu kwa sababu amefungwa. Jackson anaweza, na kuweza kwake hakumfai. Baina ya vifo hivyo viwili watungaji walikuwa na utenzi mzima mikononi mwao.

Waliuacha uponyoke, na sababu yake ni hilo bomu. Marekani iliivamia Iraq kwa hoja ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Mchezo, unaoazima mitaa ya vita hivyo, sare zake na hata jina la mashambulizi yake, huzipata. Kilichokosekana duniani kimetiwa katika hadithi, na kwa kutiwa huko askari waliokuja kutafuta wanageuka kuwa waliosema kweli wakafa kwa ajili yake. Mji uliokufa pamoja nao, wenye watu wake wote, hauliliwi. Ulikwisha fagiliwa mapema.

Kuhusu Pripyat inatosha kusema kwamba ni sura nzuri kuliko zote kwa ufundi. Mji huo ulihamwa baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, na hapo mchezaji hurudishwa nyuma kuwa Price akiwa kijana, mdunguaji aliyevaa majani, anayelala kifudifudi nyasini huku askari wakimpita karibu kabisa. Ushindi ni kutofyatua. Ni mahali pekee ambapo ukimya wa nafsi hii una maana, kwa kuwa kunyamaza ndiko kunakomwokoa. Hadithi iliyobaki, ya Zakhaev na makombora yake, ni nyuzi kuukuu, na ile sura ya nyongeza ndani ya ndege ya abiria ni mashindano ya saa tu.

Mchezaji akifa kwa kosa lake, skrini humpa usemi wa kusoma kabla ya kufufuka: maneno ya jemadari, ya mwanafalsafa, ya kiongozi fulani wa taifa, mengine ya kuvitukuza vita na mengine ya kuvilaani, na mara nyingine bei ya kombora moja kwa dola. Ni ubunifu wa kustaajabisha, na haufanyi kazi. Methali huingia moyoni inapotamkwa na aliyekaa na msiba. Hizi husomwa na mtu mwenye hasira ya kurudia palepale, naye kidole chake kiko tayari juu ya kitufe.

Mwaka 2019 Infinity Ward ilirudia jina la Modern Warfare kwa hadithi mpya, na safari hii nchi ya kubuni, Urzikstan, ina mwananchi mwenye sura: Farah Karim, kiongozi wa wapiganaji, ambaye mchezaji humvaa hata akiwa mtoto mdogo anayejificha chini ya vifusi na muuaji nyumbani mwao. Ilikuwa hatua ya kweli. Waliokuwa vidoa walipewa utoto. Lakini katika hadithi hiyohiyo barabara iitwayo Barabara ya Mauti husemwa kuwa ililipuliwa na Warusi. Barabara yenye jina hilo inajulikana. Inatoka Kuwait kuelekea Basra, na waliowapiga Wairaqi waliokuwa wakirudi nyuma humo, Februari 1991, zilikuwa ndege za Marekani na washirika wake. Farah amepewa jina, na wafu wa barabara ile wamenyang'anywa hata muuaji wao.

Aliyewahi kuingiza majina katika mchezo wa namna hii kwa dhati hakuwa mtengenezaji wa michezo. Jeshi la Marekani lenyewe lilitoa mchezo wake, America's Army, mwaka 2002, bila ya malipo, kwa ajili ya kuwavutia vijana wajiunge nalo. Ulidumu hadi 2022. Kuanzia Machi 2006 msanii Joseph DeLappe, mwalimu wa sanaa katika chuo kikuu cha Nevada mjini Reno, aliingia humo kwa jina dead-in-iraq. Akishaingia uwanjani aliitupa bunduki, akasimama, na katika sehemu ambayo wachezaji huandikiana maagizo na matusi akaandika jina la askari wa Kimarekani aliyeuawa Iraq, umri wake, kikosi chake na siku aliyokufa. Kisha la pili. Kisha la tatu. Wachezaji wengine walimwambia anyamaze, walimpigia kura ya kumtoa, na wengi walimpiga risasi. Alipouawa aliendelea kuandika, mwili wake wa mchezoni ukiwa umelala mbele yake, hadi duru iishe na aanze tena. Alifanya hivyo kwa miaka mitano na zaidi, mpaka vita hivyo vilipotangazwa kwisha Desemba 2011, na majina aliyoyaandika yalizidi 4,000. Ya Wairaqi hayakuwamo.